Utaijaribu programu yako kwa simu zipi?

Hapa Magogoni (nasema ya Kisauni, si ile ya Ikulu ya Dar es Salaam wala ile ya Lamu) vijana wanaotengeneza programu za simu wameongezeka. Mmoja anatengeneza daftari la chama, mwingine programu ya kuagiza maji, mwingine ya bodaboda. Kazi nzuri. Lakini wengi wao huijaribu programu kwa simu moja tu, ile iliyo mfukoni mwao, na simu hiyo mara nyingi ni bora kuliko ya mteja wanayemtengenezea. Programu inapomfikia mweka hazina wa chama mwenye itel ya miaka minne, yajifunga kabla hata ya ukurasa wa kwanza. Mama huyo hatawaandikia malalamiko. Ataifuta, atarudi kwa daftari lake la karatasi, na wanachama wote walioingia kwa sababu yake watarudi pamoja naye.

Dawa ya tatizo hili ipo, nayo si kununua simu ishirini. Kuna huduma za mtandaoni zinazokodisha simu za majaribio kwa dakika. Ugumu uko katika kuchagua: katika mamia ya simu zilizoko huko, uchukue zipi? Nimeulizwa swali hili mara nyingi kiasi kwamba nimeona niliandike mara moja, ili atakayeuliza tena nimpe kiungo.

Kwanza tuelewane huduma zenyewe ni nini. Ni ghala lenye simu halisi zilizopangwa kwenye rafu, kila moja imeunganishwa na kompyuta. Wewe uko nyumbani, unapakia faili la programu yako, unataja simu unazotaka, na kompyuta za huko zinaisakinisha, zinaifungua, zinabonyeza vitufe kwa niaba yako, kisha zinakurudishia picha, video na kumbukumbu za hitilafu. Amazon wana AWS Device Farm, iliyoanza mwaka 2015. Google wana Firebase Test Lab. BrowserStack ilianzia Mumbai, India, mwaka 2011. Samsung nao wana Remote Test Lab, ambayo unaweza kuitumia bila malipo, ila simu zake ni za Samsung tu. Baadhi ya huduma hizi pia hutoa simu bandia, yaani simu inayoigizwa ndani ya kompyuta. Simu bandia zafaa kwa kukagua mpangilio wa kurasa na hitilafu za wazi, na bei yake ni ya chini. Kwa Firebase, kwenye mpango wa kulipia, saa moja ya simu bandia ni dola 1 na ya simu halisi ni dola 5. Lakini simu bandia ina nguvu za kompyuta inayoiigiza. Haitakuonyesha uzito ambao mama wa chama atauhisi.

Sasa tuje kwenye kundi. Simu utakazozichagua zijaribiwe pamoja ndizo huitwa kundi, na katika Device Farm unaweza kuliunda kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuzitaja simu moja moja kwa jina: hii, hii na hii, basi. Ya pili ni kuweka masharti, kwa mfano Android tu, toleo kuanzia 11, za kampuni fulani, zisizidi simu tano, na mfumo ukuchagulie zinazolingana kila unapoendesha jaribio. Pamoja na hizo kuna kundi lililokwisha tengenezwa na wenye huduma, linaloitwa Top Devices, ambalo wengi hulichukua kwa sababu liko pale pale na halihitaji kufikiri.

Msimamo wangu ni kwamba kundi la tayari lisiwe msingi wa kazi yako. Limepangwa kwa ajili ya wateja wa dunia nzima, na wateja wa dunia nzima si watu wa Mishomoroni. Kundi la masharti nalo lina hatari yake. Leo limekuchagulia simu hizi, wiki ijayo moja haipo ikachukuliwa nyingine, na jaribio lililofaulu jana likianguka leo hujui kama ni programu iliyoharibika au ni simu iliyobadilika. Kwa mwenye bajeti ndogo, taja simu kwa majina. Utaweza kulinganisha matokeo ya Jumatatu na ya Ijumaa ukijua ni simu zile zile. Masharti yatumie pembeni tu, kwa kazi moja: kukamata matoleo mapya ya Android yanapoingia ghalani.

Majina hayo utayatoa wapi? Hapa ndipo kazi ilipo, na haifanyiki kwenye kompyuta.

Kama programu yako tayari iko Google Play, Play Console itakuonyesha ni simu gani zimeisakinisha, za matoleo gani ya Android, na zipi inaangukia mara nyingi. Anza hapo. Lakini wengi wanaoniuliza hawajafika huko. Programu haijatoka, hakuna takwimu. Basi chukua daftari utoke. Nenda kikao cha chama chenyewe, nenda stejini, nenda kwa fundi simu. Fundi simu ni hazina ambayo wasanidi wetu wanaidharau: yeye ajua ni simu zipi watu wanazo, kwa sababu ndizo anazozibadilisha vioo na mfumo wa chaji. Muuza duka atakuambia kinachouzwa leo, fundi atakuambia kinachotumika. Ni orodha mbili tofauti, na unayoihitaji zaidi ni ya fundi.

Kwa kila mtu andika mambo manne: jina la simu, toleo la Android, ukubwa wa RAM, na nafasi iliyobaki ya kuhifadhi. Yote yako kwenye mipangilio ya simu, lakini omba ruhusa kwanza na umwachie mwenyewe aifungue. Simu ya mtu ni kama chumba chake.

Ukifanya hivyo upande wetu huu wa bara utakutana na majina yale yale: Tecno, Infinix na itel, zote tatu za kampuni moja ya Shenzhen, Transsion, Samsung za daraja la A, Redmi na Oppo kiasi. Utakutana pia na simu zilizoingia kwa mikopo. Mwaka 2020 Safaricom na Google walianzisha Lipa Mdogo Mdogo, mtu akatoa amana ya Sh1,000 akalipa Sh20 kwa siku hadi simu ya 4G ikawa yake. Oktoba 2023 kikafunguliwa kiwanda cha kuunganisha simu Athi River, kikaanza na Neon Smarta ya Sh7,499 na Neon Ultra ya Sh8,999. Mpango wa namna hii ndio uliowaingiza mtandaoni watu wengi ambao programu zetu zinadai kuwahudumia.

Na hapa ndipo unapogonga ukuta. Ukirudi kwenye ghala na daftari lako, utakuta Samsung na Pixel zimejaa tele, na zile za daftari lako ni chache au hazipo kabisa. Usitarajie kuikuta Neon ya Athi River kwenye rafu ya Oregon, ambako Device Farm huendeshwa. Wengi wakifika hapa huvunjika moyo, wakachukua Pixel tatu na iPhone moja, wakasema wamejaribu.

Usifanye hivyo. Usitafute jina la simu, tafuta tabia yake. Simu mbili za kampuni tofauti zaweza kuwa ndugu kwa ndani. Mfano mzuri ni Samsung Galaxy A03 Core: ina RAM ya GB 2, Android Go, na prosesa ya Unisoc iitwayo SC9863A. Prosesa hiyo hiyo imo ndani ya baadhi ya simu za itel. Ukiipata A03 Core ghalani, au nyingine ya daraja lake, umepata mwakilishi wa watu wengi wa daftari lako, ingawa jina la mbele ni lingine.

Android Go yastahili maelezo kidogo, maana ndiyo inayosahaulika. Ni Android iliyopunguzwa uzito, iliyotoka mwishoni mwa 2017 kwa ajili ya simu za RAM ya GB 1 kushuka chini, na baadaye ikapandishwa hadi GB 2. Kwenye simu hizo mfumo hauna subira na programu inayokula RAM. Ukifungua kamera kupiga picha ya kitambulisho, ukirudi unakuta fomu yote imefutika, kwa kuwa mfumo uliizima programu yako kupisha kamera. Kwenye simu ya GB 8 hutaliona hilo hata ujaribu mwaka mzima. Tena nyingi ya simu hizi huendesha mfumo wa biti 32 hata kama prosesa ni ya biti 64. Ukiitoa programu ya biti 64 peke yake, mteja wako ataambiwa haifai kwa simu yake, naye ataamini kuwa simu yake ndiyo mbovu.

Kwa hiyo ninapopanga kundi naanza chini. Simu ya kwanza ni dhaifu kuliko zote zilizomo kwenye daftari: GB 2, Android Go, kioo cha upana wa pikseli 720 au chini yake. Ya pili ni ile ya toleo la zamani kabisa la Android ambalo umeamua kulihudumia. Na hilo ni uamuzi wa kibiashara, usimwachie programu ya kutengenezea ikuamulie. Ya tatu ni ya katikati, simu ya GB 4 inayofanana na zilizo nyingi mtaani. Ya nne ni yenye Android mpya kuliko zote, maana kila toleo jipya hubana ruhusa fulani na programu yako yaweza kuanguka siku mteja anapopata sasisho. Hizo nne zakutosha kuanzia. Ya tano naiongeza kama nina sababu, nayo yategemea wateja ni akina nani.

Sababu hiyo hubadilika sana hata ndani ya Mombasa. Programu ya chama cha Magogoni yaweza kuishi bila iPhone. Programu ya kuagizia chakula kwa wageni wa hoteli za Nyali na Shanzu haiwezi. Huko kundi lapinduka, iPhone zikawa mbili au tatu na itel ikabaki ya wafanyakazi wa jikoni wanaopokea oda. Wao usiwasahau, maana oda isiyopokelewa ni mgeni mwenye njaa. Na kama chama kina wanachama walioko Muscat au Doha, kama vilivyo vyama vingi vya huku, uliza wanatumia simu gani huko. Usikisie.

Jambo jingine ambalo huduma hizi hukuruhusu kuliweka ni lugha ya simu. Weka Kiswahili. Maneno yetu ni marefu, na kitufe kilichotosha neno la Kiingereza lenye herufi tatu hakitatosha "Thibitisha malipo" kwenye kioo chembamba. Nimeona kitufe kilichosomeka "Thibitisha ma", na mtumiaji hakujua anathibitisha malipo au maombi. Kwa programu ya fedha hilo si la kuchekesha.

Tuzungumze pesa. Device Farm hutoza senti 17 za dola kwa kila dakika ya kila simu, na anayeanza hupewa dakika 1,000 za bure, mara moja tu. Tuseme jaribio lako huchukua dakika 10. Kundi la simu nne latumia dakika 40, sawa na dola 6.80, au kama Sh880 ukihesabu dola kwa Sh130. Kundi la simu kumi latumia dakika 100, dola 17, zaidi ya Sh2,200 kwa jaribio moja. Zile dakika 1,000 za bure zitakupa majaribio 25 ya kundi dogo, au 10 ya kundi kubwa. Ukiendesha jaribio kila unapobadilisha mstari mmoja, zitaisha kabla ya wiki.

Njia yangu ni kuwa na makundi mawili. La kila siku lina simu mbili tu, ile dhaifu na ile ya katikati. La kabla ya kutoa toleo lina zote nne au tano, nalo huendeshwa siku chache kabla ya kutoa, wala si usiku wa kuamkia, kwa sababu ukigundua kasoro saa sita za usiku utaitoa programu hivyo hivyo. Kwa asiye na pesa kabisa, mpango wa bure wa Firebase una idadi ndogo ya majaribio kwa siku, na una jaribio la Robo, linalozunguka ndani ya programu peke yake na kubonyeza kila linachokikuta bila wewe kuandika msimbo wowote. Device Farm nao wana jaribio la aina hiyo. Ni la kijinga kidogo, haliwezi kujua kuwa salio limekokotolewa vibaya, lakini programu ikianguka litakuonyesha ilipoangukia.

Kabla ya kupakia, punguza uzito wa faili. Faili la MB 90 likipakiwa mara tano kwa siku kwa bando la simu ni gharama ambayo haimo kwenye bei ya huduma. Na Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota kwa siku kadhaa, aliyepanga majaribio yake yote ya mbali kwa wiki hiyo alisota. Usingoje dakika za mwisho.

Mambo ambayo ghala la mbali halitakuonyesha

La kwanza na kubwa ni M-Pesa. Simu za Device Farm za kukodishwa kwa wote hazina laini. Hazipigi simu wala hazipokei SMS. Ombi la malipo linalotokea kwenye kioo cha mteja likimtaka aweke PIN hupitia laini ya Safaricom, na laini hiyo haiko Oregon. Mazingira ya majaribio ya Daraja yatakusaidia kukagua kwamba mfumo wako umetuma ombi na kupokea jibu. Hayatakuonyesha mama aliyechelewa kuweka PIN kwa sababu alikuwa akimhudumia mteja, ombi likapitwa na muda, naye akabonyeza tena. Je, programu yako itamtoza mara mbili? Jibu la swali hilo linatafutwa hapa hapa, kwa laini halisi na shilingi kumi halisi.

La pili ni mtandao. Huduma hizi zaweza kuigiza mtandao dhaifu, na Device Farm hukuruhusu kupunguza kasi na kupoteza sehemu ya data makusudi. Itumie, ni nzuri. Lakini kuigiza si sawa na matatu inayotoka Bombolulu ikivuka daraja la Nyali, simu ikirukaruka kati ya 4G na 3G, na bando likiisha katikati ya kutuma.

La tatu ni uchovu wa simu. Simu za ghalani ni safi, zina nafasi tupu, ziko kwenye chaji muda wote. Ya mteja ina GB 32 zilizojaa video za WhatsApp, kioo chenye ufa upande wa kulia pale pale ulipoweka kitufe cha kutuma, na maandishi yaliyokuzwa kwa sababu macho yamechoka. Tena Tecno na wenzake wana desturi ya kuzima programu zilizo nyuma ili kuokoa betri, hivyo kikumbusho chako cha mchango wa Jumamosi huenda kisilie kamwe. Samsung ndugu yake, hata iwe na prosesa ile ile, huenda isikuonyeshe tabia hiyo kwa namna ile ile, kwani hiyo ni ya mfumo wa mwenye simu na wala si ya prosesa.

Kwa hayo matatu, tafuta simu mbili za kushika mkononi. Nunua itel au Tecno iliyotumika kwa fundi, ya bei ya chini kabisa inayowaka, na ya pili azima kwa mwanachama kwa saa moja mkiwa mmekaa pamoja. Hizo mbili ziwe sehemu ya kundi lako kama zile za mbali, na ziandikwe kwenye orodha ile ile. Msanidi anayehesabu simu za wingu tu ana kundi nusu.

La mwisho ni data za watu. Simu za kukodishwa hutumiwa na wateja wengi mmoja baada ya mwingine. Husafishwa kila baada ya matumizi, lakini Amazon wenyewe wanashauri usiingize humo taarifa nyeti. Kwa hiyo usipakie orodha halisi ya wanachama wa chama, namba zao za simu na vitambulisho vyao, eti kwa kuwa ni jaribio tu. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 ina masharti juu ya kupeleka taarifa za mtu nje ya nchi, nayo haitofautishi jaribio na kazi halisi. Tengeneza wanachama wa kubuni, wapatie majina marefu ya kwetu, Mwanajumaa Mwinyihaji na wengineo, uone kama nafasi ya jina inawatosha.

Orodha yenyewe ipitie kila baada ya miezi sita. Rudi kwa yule yule fundi, muulize ni simu zipi anazozipokea sasa ambazo hakuzipokea mara ya mwisho. Ongeza moja, toa moja. Ukitoa simu kwenye kundi, waambie wenye simu hiyo mapema kuwa toleo lijalo huenda lisiwafae, na waachie la zamani liendelee kufanya kazi hadi mzunguko wa michango uishe.